Pedali ya tremolo ya stereo: Yafahamu haya kabla ya kutoa fedha

MPIGA gitaa anayenunua pedali ya tremolo ya stereo hulipia kitu kimoja ambacho pedali ya kawaida haina, nacho ni tundu la pili la kutolea sauti. Tundu hilo ndilo linalopandisha bei, na ndilo linalowafanya baadhi ya wanunuzi wajute baadaye.

Sababu yake haina mafumbo. Sauti ya stereo inahitaji njia mbili, kuanzia kwenye pedali hadi kwenye masikio ya msikilizaji. Njia hizo zikiunganishwa kabla ya kufika huko, iwe kwenye amplifaya moja, kwenye mashine ya kuchanganyia sauti au kwenye spika za ukumbi, athari iliyonunuliwa kwa gharama inaweza kufifia na wakati mwingine kutoweka kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si pedali ipi iliyo bora, bali ni wapi sauti yake itapita. Makala haya yanaeleza tremolo ni nini, stereo inaongeza nini, na namna ya kuchagua na kutumia kifaa hicho bila kupoteza fedha wala kuhatarisha maisha.

Tremolo si vibrato

Tremolo ni mabadiliko ya ukubwa wa sauti yanayojirudia kwa mpangilio. Sauti hupanda na kushuka, kana kwamba kuna mtu anayezungusha kitufe cha sauti cha redio mbele na nyuma bila kuchoka. Noti yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni nguvu yake.

Hapo ndipo inapotofautiana na vibrato. Katika vibrato, noti yenyewe husogea juu na chini kidogo, kama mwimbaji anayetetemesha sauti mwishoni mwa ubeti.

Majina hayo mawili yamechanganywa kwa zaidi ya nusu karne, na kampuni ya Fender ya Marekani ina mchango wake katika mkanganyiko huo. Gitaa lake la Stratocaster, lililoingia sokoni mwaka 1954, lina mkono wa chuma ulioitwa tremolo, ingawa kazi yake ni kulegeza na kukaza nyuzi, yaani kubadili noti. Kwa upande mwingine, amplifaya zake nyingi za miaka ya 1960 zina sehemu iliyoandikwa Vibrato, ilhali kinachobadilika humo ni ukubwa wa sauti tu.

Kutokana na hali hiyo, mnunuzi anayeagiza kifaa kwa njia ya intaneti hana budi kusoma maelezo ya kazi yake badala ya kutegemea jina lililoandikwa juu ya boksi.

Ilikotoka

Tremolo ni miongoni mwa athari za kale zaidi za gitaa la umeme. Katika miaka ya 1940, kampuni ya DeArmond ya Marekani iliuza kifaa kilichokuwa na mota iliyotikisa kopo dogo lenye kimiminika kinachopitisha umeme. Kila kimiminika kilipogusa ncha ya chuma ndani ya kopo, sehemu ya sauti ilipotea, na kilipoachia, sauti ilirudi.

Mwaka 1955 Fender ilitoa Tremolux, amplifaya yake ya kwanza yenye tremolo ndani yake. Mwaka huo huo mwanamuziki Bo Diddley wa Chicago alitoa wimbo wenye jina lake mwenyewe, ambao gitaa lake linasukumwa na tremolo kiasi cha kuwa sehemu ya mdundo. Duane Eddy aliitumia mwaka 1958 katika Rebel-'Rouser, naye Pops Staples, kiongozi wa kundi la familia la Staple Singers, aliiingiza katika muziki wa injili. Mwaka 1969 kundi la Creedence Clearwater Revival liliitumia katika Born on the Bayou.

Wimbo unaotajwa zaidi na wapenzi wa tremolo ni How Soon Is Now? wa kundi la The Smiths la Manchester, Uingereza, uliotoka mwaka 1984. Mpiga gitaa Johnny Marr na prodyuza John Porter walipitisha gitaa lililokwisha kurekodiwa kwenye amplifaya kadhaa za Fender Twin Reverb, kila moja ikiwa na tremolo yake.

Amplifaya hizo hazikuwa na njia ya kufuata mapigo ya wimbo. Kasi ya kila moja ilirekebishwa kwa mkono, na zilipoachana na wimbo, mkanda ulisimamishwa, ukarudishwa nyuma na kazi ikaanza tena. Kile ambacho wakati ule kilihitaji watu kusimama mbele ya amplifaya kwa saa nyingi, leo hufanywa na boksi moja lililo chini ya mguu.

Sauti inayohama kutoka upande mmoja hadi mwingine nayo ina historia yake. Piano ya umeme ya Rhodes ya aina ya Suitcase ilipata umaarufu kwa kitufe kilichoandikwa Vibrato, ambacho kazi yake ilikuwa kuhamisha sauti kati ya spika za kushoto na kulia. Kwa wapiga gitaa, kampuni ya Boss ya Japani ilitoa mwaka 1990 pedali ya PN-2, iliyoweza kufanya kazi kama tremolo ya kawaida au kama kihamisha sauti. Uzalishaji wake ulisitishwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990.

Stereo inavyofanya kazi

Ndani ya kila pedali ya tremolo kuna saketi inayotengeneza wimbi la polepole lisilosikika. Wimbi hilo ndilo linaloamuru sauti ya gitaa ipande au ishuke.

Katika pedali ya stereo, sauti ya gitaa hugawanywa mara mbili. Upande wa kushoto hufuata wimbi hilo kama lilivyo, na upande wa kulia hulifuata likiwa limegeuzwa. Kushoto kunapopanda, kulia kunashuka. Msikilizaji aliye katikati ya spika mbili husikia gitaa likitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tatizo huanza pande hizo mbili zinapounganishwa. Tuseme nguvu kamili ya sauti ni 10. Wakati kushoto kuna 8, kulia kuna 2, na jumla yake ni 10. Kushoto kukishuka hadi 3, kulia hupanda hadi 7, na jumla inabaki kuwa 10. Kushoto kukifika 0, kulia kunakuwa 10, na jumla haijabadilika.

Hiyo ina maana kwamba mtu anayesikiliza pande zote mbili kupitia spika moja husikia gitaa la kawaida lisilo na tremolo hata kidogo. Pedali inafanya kazi, taa yake inawaka, lakini ukumbini hakuna kinachosikika.

Si kila pedali hutoweka kabisa kwa namna hiyo. Zipo zinazogawa sauti kwa uwiano tofauti, na hizo zikiunganishwa huacha mpapatiko mdogo wenye kasi maradufu ya ile iliyokusudiwa. Kwa vyovyote vile, hicho sicho alichokusudia mnunuzi.

Spika mbili si lazima ziwe stereo

Kosa linalowapata wengi ni kudhani kuwa amplifaya yenye spika mbili ni ya stereo. Fender Twin Reverb, kwa mfano, ina spika mbili za inchi 12, lakini zote hutoa sauti ile ile kutoka kwenye mtambo mmoja. Kuingiza nyaya mbili za pedali kwenye matundu mawili ya amplifaya ya namna hiyo ni kuziunganisha pande mbili zilizokusudiwa kutengana.

Mfano tofauti ni Roland JC-120, maarufu kwa jina la Jazz Chorus, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975. Ndani yake kuna mitambo miwili ya kukuza sauti, kila mmoja wa wati 60 na wenye spika yake. Hata hivyo, mnunuzi wa amplifaya hiyo iliyotumika anapaswa kuangalia nyuma yake kama ina matundu mawili ya kurudishia athari, kwa kuwa matundu ya mbele pekee hayatoshi kuitenga sauti ya pedali pande mbili.

Njia nyingine ni kutumia amplifaya mbili, au kupeleka pande zote mbili kwenye mitambo ya ukumbi, au kurekodi kwa kompyuta na kusikiliza kwa spika mbili au spika za masikioni.

Asiye na mojawapo ya njia hizo, wala matarajio ya kuipata karibuni, ni afadhali anunue pedali nzuri ya mono. Boss TR-2, iliyotolewa mwaka 1997, ina tundu moja la kutolea na vitufe vitatu tu, na inatosheleza mahitaji ya wapigaji wengi.

Mambo ya kuangalia dukani

Jambo la kwanza ni matundu. Baadhi ya pedali zina matundu mawili ya kutolea lakini moja la kuingizia. Hizo zinamfaa mwenye gitaa la kawaida, kwani magitaa mengi ya umeme hutoa sauti ya mono. Ila mwenye pedali nyingine ya stereo, kama vile ya mwangwi, atahitaji tremolo yenye njia mbili za kuingizia, la sivyo stereo ya pedali iliyotangulia itapotea.

Aidha, zipo pedali zinazotumia tundu moja kwa njia mbili. Hizo huhitaji waya maalumu wenye umbo la Y, ambao jeki yake ina pete mbili nyeusi badala ya moja. Muuzaji aulizwe mapema kama waya huo umo ndani ya boksi.

Jambo la pili ni uwezo wa kubadili hali ya kazi. Pedali bora humruhusu mpigaji kuchagua kama pande zote mbili zipande na kushuka pamoja, au zipishane. Hali ya kwanza ni salama hata sauti ikiunganishwa, kwa kuwa pande zote hufanya jambo moja. Hali ya pili ndiyo ya kuhamisha sauti. Mwenye pedali ya namna hiyo anaweza kupiga katika ukumbi wowote.

Jambo la tatu ni namna pedali inavyofuata mapigo. Swichi ya kugonga kwa mguu ni msaada mkubwa. Mpigaji huigonga mara kadhaa kulingana na mdundo wa ngoma, nayo pedali huchukua kasi hiyo. Bila swichi hiyo, mpigaji hulazimika kuinama na kuzungusha kitufe katikati ya wimbo, jambo ambalo jukwaani ni gumu.

Jambo la nne ni umbo la wimbi. Wimbi la mviringo hupanda na kushuka taratibu, na ndilo linalofanana na amplifaya za zamani. Wimbi la pembetatu hupanda na kushuka kwa mstari ulionyooka. Wimbi la mraba hukata sauti ghafla na kuirudisha ghafla, kama swichi ya taa inayowashwa na kuzimwa. Electro-Harmonix Stereo Pulsar ni mfano wa pedali inayompa mpigaji uchaguzi wa umbo la wimbi pamoja na matundu mawili ya kutolea.

Jambo la tano ni kitufe cha kiwango cha sauti. Kwa kuwa tremolo hupunguza sauti kwa vipindi, sikio huhisi kwamba gitaa limepungua nguvu pindi pedali inapowashwa. Kitufe cha kurudishia nguvu hiyo hufidia upungufu huo.

Jambo la sita ni utulivu. Pedali iwashwe bila gitaa kupigwa, kasi iongezwe, na umbo la mraba lichaguliwe. Ukisikika mlio wa tik-tik unaofuata mapigo, ina maana wimbi la ndani linavuja kwenye njia ya sauti. Wakati mwingine chanzo ni adapta inayogawana umeme na pedali nyingine, hivyo ni vyema kujaribu tena kwa betri au adapta nyingine kabla ya kuikataa.

Ladha tatu za tremolo

Wauzaji hutaja aina mbalimbali za tremolo, lakini nyingi hutokana na mbinu tatu zilizotumika katika amplifaya za zamani.

Ya kwanza ni ile iliyobadili umeme unaotawala valvu za amplifaya. Sauti yake ni laini, na huonekana kuvuta pumzi pamoja na mpigaji.

Ya pili hutumia taa ndogo na kifaa kinachobadili upinzani wake kulingana na mwanga. Taa ikiwaka, sauti hupungua. Ndiyo iliyotumika katika amplifaya nyingi za Fender za katikati ya miaka ya 1960, na mpapatiko wake huwa mkali zaidi.

Ya tatu hugawa sauti nzito na sauti nyembamba, kisha huzipandisha kwa zamu. Nzito zinapopanda, nyembamba hushuka. Fender iliitumia katika baadhi ya amplifaya zake mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matokeo yake hukaribia vibrato bila noti kubadilika sana, na wengi huipenda kwa nyimbo za taratibu.

Pedali ya Strymon Flint, iliyotolewa mwaka 2012, ilikusanya ladha hizo tatu katika boksi moja pamoja na mwangwi wa chumba. Ni mfano mzuri wa kusikiliza kwa anayetaka kuzilinganisha, hata kama hana nia ya kuinunua.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Mpangilio unaofaa wapigaji wengi ni gitaa, kisha pedali za kukwaruza sauti, kisha tremolo. Pedali ya kukwaruza ikiwekwa baada ya tremolo, huzibana sauti kubwa na kuzikuza ndogo, hivyo mapigo ya tremolo hupungua au kupotea.

Kuhusu mwangwi, uchaguzi ni wa mpigaji. Tremolo ikiwekwa baada ya mwangwi, kila kitu hupapatika pamoja, kama ilivyokuwa katika amplifaya za Fender za miaka ya 1960. Ikiwekwa kabla, gitaa hupapatika lakini mwangwi huziba mapengo, na sauti huwa nyororo zaidi.

Kanuni moja haina mjadala. Baada ya pedali ya stereo, kila kifaa kinachofuata lazima kiwe cha stereo. Pedali moja ya mono ikiwekwa kati, huenda upande mmoja ukakosa athari yake, au pande zote mbili zikaunganishwa.

Pale mpigaji anapolazimika kutumia amplifaya moja, atumie tundu moja tu la kutolea, kwa kawaida lile la kushoto au lililoandikwa Mono. Asijaribu kuunganisha matundu mawili kwa waya mmoja wa kuunganishia. Ni vyema pia kusoma kijitabu cha maelekezo, kwa kuwa baadhi ya pedali huchanganya pande zote mbili zenyewe waya mmoja unapochomekwa.

Kupanga kasi na kina

Vitufe viwili vikuu ni cha kasi na cha kina. Kasi ni idadi ya mapapatiko kwa sekunde. Kina ni kiasi ambacho sauti inashuka kila mara.

Hesabu ya kasi ni nyepesi. Gawanya mapigo ya wimbo kwa dakika kwa 60, kisha zidisha kwa idadi ya mapapatiko yanayotakiwa katika kila pigo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde. Mpigaji akitaka mapapatiko mawili katika kila pigo, kasi ni 4 kwa sekunde. Akitaka matatu, ni 6. Kwa wimbo wa mapigo 90, mapapatiko mawili kwa pigo ni sawa na 3 kwa sekunde.

Katika hali ya kuhamisha sauti, kasi ndogo ndiyo huonyesha mwendo vizuri. Kasi ikizidi sana, sikio hushindwa kufuata safari ya kushoto na kulia, na gitaa husikika kama limetandazwa tu.

Kina nacho kinahitaji busara. Kikiwekwa mwisho kabisa, aliyekaa karibu na spika ya kushoto atasikia gitaa likikatika nusu ya muda, kwa kuwa nusu nyingine iko upande wa kulia ambako hasikii vizuri. Kwa onyesho la hadhara, kina cha wastani huwatendea haki wote waliolipa kiingilio.

Katika bendi za muziki wa dansi, ambako gitaa la solo na la rithimu hujibizana kwa noti nyingi za haraka, tahadhari inahitajika zaidi. Tremolo isiyofuata mapigo humeza baadhi ya noti na kuvuruga majibizano hayo. Hufaa zaidi katika kodi zinazoachwa zilie kwa muda mrefu, katika utangulizi wa wimbo au pale mwimbaji anapopewa nafasi.

Usalama wa amplifaya mbili

Amplifaya mbili zikiunganishwa na pedali moja, mara nyingi hutokea mvumo mzito. Chanzo chake ni mzunguko unaojengeka kati ya nyaya za erthi za amplifaya hizo kupitia waya wa gitaa.

Hatua ya kwanza ni kuchomeka amplifaya zote mbili kwenye soketi moja au ubao mmoja wa soketi. Mvumo ukiendelea, dawa yake ni boksi lenye transfoma ya kutenganisha, linalowekwa kwenye mojawapo ya njia za sauti. Baadhi ya pedali huja na transfoma hiyo ndani.

Kamwe mvumo usiondolewe kwa kukata waya wa erthi au kung'oa mguu wake kwenye plagi. Waya huo ndio unaomlinda mpigaji pale umeme unapovuja ndani ya amplifaya. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki dunia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kupigwa na umeme aliposhika kipaza sauti ambacho hakikuwa na erthi.

Vilevile, vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani vikaguliwe. Amplifaya iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 itaungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 zinazotumika Afrika Mashariki. Kwa pedali, adapta iangaliwe volti zake, uwezo wake wa miliampia na upande wa chanya na hasi. Pedali nyingi hutumia volti 9 na hasi katikati ya plagi, lakini si zote.

Jambo jingine ni mwelekeo wa spika. Amplifaya mbili tofauti zinaweza kusukuma spika zake kinyume, moja ikienda mbele wakati nyingine ikirudi nyuma. Ili kupima, ziwekwe karibu, tremolo izimwe, na noti nzito ipigwe. Besi ikipungua zote zinapowaka kuliko ikiwaka moja, zinapingana, na fundi anaweza kugeuza nyaya za spika ya mojawapo.

Ukumbini na studio

Kumbi nyingi zimefungwa spika pande zote mbili, lakini mitambo hutoa sauti moja kila upande. Fundi mitambo hufanya hivyo makusudi ili aliyekaa pembeni asikose ala yoyote. Katika ukumbi wa namna hiyo, pande mbili za pedali huungana bila mpigaji kujua.

Kwa hiyo ni muhimu mpigaji azungumze na fundi mitambo kabla ya onyesho. Aulize kama mitambo ni ya stereo, na kama kuna njia mbili zilizo wazi kwa ajili ya gitaa. Jibu likiwa ndiyo, njia moja ielekezwe kushoto kabisa na nyingine kulia. Likiwa hapana, pedali iwekwe katika hali ya pande mbili kupanda pamoja, au utumike waya mmoja.

Studio ndipo tremolo ya stereo inapong'ara, kwani pande mbili hurekodiwa kwenye njia mbili na hubaki hivyo hadi mwisho. Lakini hata huko, wimbo usikilizwe pia katika mono kabla ya kukamilishwa. Redio ndogo yenye spika moja huunganisha pande zote, na utangulizi uliopendeza studio unaweza kufika kwa msikilizaji wa redio hiyo ukiwa gitaa tupu.

Endapo hilo litatokea, wimbo hauhitaji kurekodiwa upya. Kupunguza umbali kati ya kushoto na kulia hakutatui tatizo, bali kupunguza nguvu ya upande mmoja husaidia, kwa kuwa jumla ya pande mbili haitabaki ile ile tena na mapapatiko yataanza kusikika.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na gitaa lake mwenyewe, na aombe amplifaya mbili. Azisimamishe mbali kidogo, asikilize pedali ikihamisha sauti, kisha ahamishie waya mmoja kwenye amplifaya moja na asikilize tena. Pedali inayofaa ni ile inayompendeza katika majaribio yote mawili, kwa sababu siku nyingi atakuwa na amplifaya moja.

Muuzaji akisema hana amplifaya ya pili ya kujaribia, mnunuzi ana haki ya kuahirisha. Tundu la pili lisilojaribiwa ni tundu alilolilipia bila kujua linatoa nini.